Ijumaa Redio Ilipopiga Nyimbo

Shola Meda, 14 Septemba

Ndugu yangu Binalfew,

Hujambo huko ulikokwenda kugandishwa? Sisi tu wazima. Mashine inasaga, Baba anakohoa unga kama kawaida na anakataa kwenda zahanati kama kawaida. Nimeweka tarehe ya kalenda ya huko kwenu, maana mwezi haujaisha tangu uondoke na nina hakika ya kwetu umeshaisahau. Mwaka wetu mpya tumeufungua wiki hii bila wewe. Baba alichinja kuku mwenyewe, na ile firigisi anayokuwekea wewe siku zote akanipa mimi, ndipo nikaamini kweli umekwenda.

Simu za nje bado hazipiti wilaya yetu, kwa hiyo tutaandikiana hivi hivi kwa mikono ya wasafiri, kama Baba na marehemu Mama walipokuwa wachumba. Ajabu ni kwamba vijana wa stendi wao mtandao wanaupata. Sijui wanauchota wapi.

Habari ya mtaa ni Meaza, binti wa jirani yetu Asnaku. Karudi kutoka Beiruti. Unakumbuka mama yake, mke wa Asnaku, alifariki katikati ya mfungo mkubwa. Miezi yote ile Meaza akituma kuuliza, tulimjibu mama yako amekwenda kuoga maji ya baraka apone, huko mlimani hakufikiki. Msichana yuko peke yake, anafanya kazi nyumba ya watu, angeanguka ashikwe na nani? Basi alipofika tulimwacha alale. Alfajiri tukaenda chama cha maziko kizima na mashuka yetu meupe, tukajaa sebuleni kabla hajanawa uso. Alipotuona tu alijua, hakuna aliyelazimika kusema neno. Mkono wake wa kushoto niliushika mimi. Tuliporudi Baba akasema desturi hii ni njema, ila ikifika zamu yake tusimpeleke maji ya baraka, tumpeleke mahali penye kahawa.

Sasa jambo lenyewe. Tangu uondoke, kila Ijumaa saa ya kipindi chako redio inapiga nyimbo. Hivi wewe unajua watu huku walikuwa wanakifanyia nini kipindi chako? Ulidhani unawasuta wakubwa wa kampuni ya mtandao, kwamba posti fulani ya kuwachochea watu wakachome nyumba za wenzao imeachwa tu bila kufutwa. Sisi tulikuwa tunasikiliza ni mtaa gani umetajwa. Ukitaja Daraja la Juu, watu wa Daraja la Juu wanabeba magodoro wanakwenda kulala kwa ndugu. Ukitaja Mtaa wa Mashine, Baba anafunga mashine yake anakuja kulala kwangu, akilalamika njia nzima. Usipoutaja, analala huko huko kulinda nafaka za watu. Wote ambao asili yao ni ng'ambo ya mto, kama yeye, hawakuwa wanazima redio mpaka useme kwaherini. Sasa nani anatusomea?

Neno la Baba: "Mwambie ale. Na mwambie nyimbo wanazopiga ni mbaya."

Dada yako,
Yeshihareg


Dublin, 9 Oktoba

Dada yangu Yeshihareg,

Barua yako nimeisoma jikoni kwa Gashe Kassaye, yule dereva wa teksi wa kwetu niliyekuambia. Kila Jumapili ananiita nile mkate wetu wa injera, japo unga wa tefu wa hapa umechanganywa sijui na nini, injera inachachuka kabla haijaumuka. Msalimie Baba sana. Msalimie Meaza, mpe pole yangu. Mimi mzima, nina koti nene, na mvua ya hapa haijui kuaga.

Dada, nilikuja nikijua nakuja kugombana. Miaka yote nimeitukana kampuni hii redioni, sasa inaniita kwake, nikasema hawa wanataka kunikemea mbele ya mawakili. Kumbe walikuwa wamevisikiliza vipindi vyangu vyote. Wamevitafsiri, wamevifunga vizuri kwenye majalada. Yuko mama mmoja mkubwa pale, anaitwa Fionnuala, ananimiminia chai kwa mkono wake. Akaniambia, "Hakuna aliyewahi kutusema kwa haki kama wewe. Sasa utuseme ukiwa humu ndani." Sikujua nitazame wapi. Ni nani kwetu aliwahi kuniambia nimesema kwa haki? Mkuu wa redio alikuwa ananiambia nimezidisha dakika.

Wamenipa mlango. Ndivyo wanavyouita. Zamani nikiona posti ya hatari, nilikuwa kama mtu anayepiga makelele nje ya geti. Leo nabisha hodi na yuko mtu wa ndani wa kufungua. Sharti lake ni moja tu, kwamba ninayoyaona ndani siyasemi nje. Si redioni, si kwa rafiki, si kwa ndugu. Nimetia saini. Kwa hiyo kipindi kimepumzika, hakijafa. Waambie watu kwamba sasa mambo yanafanyiwa kazi kimya kimya, na ni haraka zaidi.

Lulit amekasirika. Miaka minne tumekaa naye studio moja, na sasa hajibu salamu zangu. Yeye naye aliitwa, akakataa, akasema chai ya watu hawa ina bei. Mwanamke mkaidi sana yule, unamjua.

Kitu kimoja tu kinanikosesha raha. Wamebandika picha yangu ukutani, pale wageni wanapoingilia, imeandikwa kwamba mimi ni mwenzao. Kila asubuhi napita mbele yake nikiinamisha macho.

Mwambie Baba nakula.

Mdogo wako,
Binalfew


Shola Meda, 28 Oktoba

Binalfew,

Salamu nyingi, na heshima zako Bwana Mkubwa wa Ukutani. Baba hajambo. Mavuno yameanza, magunia yamefika mpaka nje. Ng'ombe wa Asnaku amezaa pacha, mtaa mzima unakunywa maziwa kwa kualikana. Meaza anaanza kucheka kidogo kidogo.

Lulit alikuja Jumanne. Kasafiri siku nzima, kafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikamkaangia kahawa. Si mkaidi, ndugu yangu, ameishiwa nguvu tu. Anasema wewe ulipoingia kwa mlango wako, wao walifungiwa dirisha. Ile njia mliyokuwa mnaitumia kuona posti zinavyosambaa, kampuni imeizima, na akiuliza anajibiwa kwamba mwenzenu Binalfew tunaye hapa, mambo yote yanapitia kwake. Wale wafadhili waliokuwa wanalipia saa yenu redioni wamesema mwaka huu wanafadhili semina. Alipoandika gazetini kulalamika, akaletewa barua ya wakili. Na gazeti likaweka picha yako pembeni ya maneno yake, unatabasamu, kuonyesha kwamba waungwana wameelewana na aliyebaki ni mgomvi mmoja. Alinionyesha. Umevaa tai. Sikujua kama unajua kuifunga.

Sasa nisikilize. Huku pana kitu na mimi sikijui. Wanaoleta nafaka kwa Baba wanapungua, wakati msimu ndio huu. Mama Ayelu, aliyekuwa anasaga kwetu tangu mimi sijazaliwa, nimemwona amebeba kikapu kichwani anapanda mpaka mashine ya kanisani. Nikamwuliza, akasema anafanya mazoezi ya miguu. Jumamosi vijana wawili walikuja wakamwambia Baba awafungulie stoo ya nyuma, wanataka kuangalia tu. Baba akawafungulia, wakaona magunia, wakaondoka bila kuaga. Nikipita stendi vijana wanageuza simu zao kifuani. Lulit anasema kipo kitu kinazunguka, lakini yeye haoni tena. Anayeona ni wewe.

Mimi ninaogopa, Binalfew. Mchana nacheka nao, jioni nikifunga komeo narudi kulikagua mara tatu. Sikuulizi siri za kampuni. Nakuuliza neno moja, ndiyo au hapana. Tunatajwa?

Neno la Baba: "Mwambie silaha niliyonayo ni koleo la unga, na lenyewe limevunjika mpini."

Yeshihareg


Dublin, 11 Novemba

Dada mpendwa,

Natumaini nyote ni wazima. Mimi sijambo. Hongera Asnaku kwa ndama wake. Huku jua linazama mapema sana, mtu unatoka kazini giza limeshaingia.

Nimefikiria habari za kikohozi cha Baba. Si kitu cha kuchezea. Hospitali za Addis zina madaktari wazuri wa kifua, na nyumba ya binamu yetu ina nafasi. Ningependa aende wiki hii hii. Asingoje mavuno yaishe. Na wewe ufuatane naye, mtu mzima hawezi kupanda basi peke yake. Mashine muifunge tu, nafaka wenyewe waje wachukue.

Jambo jingine, dogo. Ule mlango wa mashine wa kijani, naomba upakwe rangi nyingine. Kahawia, nyeusi, yoyote iliyopo dukani. Na lile bati lenye jina la Baba hapo juu mlishushe. Najua utauliza kwa nini. Usiniulize, dada. Kuna mambo mtu anayaomba kwa sababu anawapenda watu wake, na hana neno zaidi la kuongeza.

Neno uliloniuliza silijibu. Si kwamba sitaki. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Barua zetu zinapita mikononi mwa watu wangapi, sijui, na karatasi niliyotia saini ina mambo ambayo sikuyasoma vizuri. Kibali changu cha kukaa hapa wamekiombea wao. Nimebisha hodi kwa niaba ya wote, jua hivyo. Nimebisha zaidi ya mara moja. Watafungua.

Gashe Kassaye ana mpwa wake anayesafiri Alhamisi, nampa yeye barua hii mkononi. Nimemwambia asipitie popote, asilale Addis, aje moja kwa moja.

Mwambie Baba nampenda. Najua atacheka. Mwambie hivyo hivyo.

Binalfew


Shola Meda, 15 Desemba

Mpendwa ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako imefika juzi. Yule kijana wa watu hana kosa, barabara ilifungwa, akakaa Addis mpaka ilipofunguliwa, na hata hivyo alikuja sehemu nyingine kwa miguu. Tulimpa maji ya kunawa na chakula akala vizuri.

Sisi hatujambo. Ndama wa Asnaku wanaendelea vizuri. Baridi ya mwaka huu ni kali, nimekonda kidogo, basi usishangae ukiona mwandiko wangu umelegea.

Baba amekwenda kwenye maji ya baraka. Kile kikohozi ulikisema kweli. Amepelekwa na watu wa chama, huko mlimani hakufikiki, kwa hiyo safari hii hakuacha neno la kukuandikia. Mashine imesimama kwa sasa. Kuhusu mlango usijisumbue, hauhitaji rangi tena.

Nikuombe kitu kimoja. Ule usiku peke yako. Yaani nimekosea, usile usiku peke yako. Nenda kwa Gashe Kassaye, kaa na watu wa kwetu, hata siku ambazo si Jumapili. Nisingependa ukae na baridi hiyo chumbani.

Nyumba imejaa wageni, naandikia gotini, naishia hapa. Mungu akulinde.

Dada yako anayekupenda,
Yeshihareg


Dublin, 6 Januari

Yeshihareg,

Maji ya baraka gani?

Nakuuliza, ni yapi. Yana jina. Kila kilima kwetu kina jina na kila maji yana mtakatifu wake. Sema ni ya Mikaeli, sema ni ya Giyorgis, nitafurahi. Mama yake Meaza naye alikwenda maji ya baraka. Uliniandikia mwenyewe, kwa mkono huo huo. Na wageni gani wanajaa nyumbani katikati ya mfungo wa kabla ya Krismasi, watu wanakula mboga bila mafuta? Tangu lini wewe unaniambia unanipenda mwisho wa barua? Dada, nimesoma karatasi yako mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nitasema yote. Wakitaka wanifunge, wakitaka wanirudishe na pingu.

Nilikiona mapema Novemba, barua yako ya kuniuliza ikiwa bado njiani. Picha ya mashine ya Baba, mlango wa kijani, jina lake hapo juu linasomeka, na maneno kwamba watu wa ng'ambo ya mto wameficha bunduki chini ya unga. Nilibisha hodi siku ile ile. Nikajibiwa asante kwa ushirikiano, tunashughulikia. Nikabisha tena. Nikajibiwa kwamba picha ni ya jengo, jengo si mtu, itaachwa wakati wanachunguza. Nikaenda ofisini kwa Fionnuala, nikamwambia huyo ni baba yangu mzazi. Alilia, dada. Alinishika mkono akalia kweli, si machozi ya kuigiza. Halafu jioni ile nikapata barua ya wakili wao, ya upole sana, kunikumbusha kwamba kumwonya yeyote kuhusu jambo nililoliona ndani ni kuvunja ahadi, na kwamba wanajua niko katika wakati mgumu.

Wiki ile ile walinipeleka kwenye mkutano wa wabunge, nikae meza ya mbele. Mtu mmoja akauliza kama kampuni inawasikiliza watu wa nchi zetu. Fionnuala akanielekezea mkono akasema, muulizeni mwenyewe. Wote wakanitazama. Nikasema inasikiliza.

Nilitaka kuandika ndiyo. Neno fupi kuliko yote. Nikaogopa, nikaandika habari za rangi. Nilijiambia utaelewa, wewe una akili kuliko mimi. Nilijiambia barua itawahi. Nilijiambia watafungua. Hapa sasa nikisikia mlango wowote unagongwa nazima taa. Kazini siendi tangu barua yako ifike. Nimehamia kwa Gashe Kassaye, ananiambia Baba ni mgonjwa tu, na hanitazami usoni akisema.

Nakuomba kwa jina la Mama. Mpe Baba kalamu. Aandike alama tu, msalaba, mstari, chochote. Nitautambua mkono wake.

Binalfew


Shola Meda, 21 Januari

Mdogo wangu,

Barua hii hukuifungua wewe. Nimeagiza aifungue Gashe Kassaye, na akusomee yeye. Kama nilivyomwomba, ni alfajiri, hujanawa uso, na kando yake wapo watu wa kwetu wote wanaokaa mji huo, na mashuka yao meupe. Nilimwandikia tangu Desemba, ila wasafiri ni wale wale na barabara ni ile ile. Alinijibu kwamba umekuja kukaa kwake. Nikashukuru. Mkono wako wa kushoto namwomba mkewe aushike, kwa niaba yangu.

Ndiyo. Baba hayupo. Lia kwanza, Gashe Kassaye atangoja.

Ilikuwa Ijumaa usiku, mwisho wa Novemba. Walikuja wengi, wengine tunawajua, wengine walishuka kwenye lori. Walisema wanatafuta bunduki chini ya unga. Walimwaga magunia yote. Mlango waliungʼoa, ndiyo maana nilikuambia hauhitaji rangi. Baba alikuwa ndani. Sitakuandikia zaidi, na ukija usiulize wengine, niulize mimi. Tulimzika karibu na Mama. Chama kizima kilikuja, hata Mama Ayelu, aliyekuwa ameiona ile picha kwenye simu ya mwanawe na akaona aibu kutuambia. Alianguka pale kaburini tukambeba.

Sasa nikuambie lililo moyoni mwangu, maana nikiliacha litanioza. Nina hasira na wewe. Nimekulilia na kukukasirikia kwa pumzi ile ile. Mimi nilikuficha kifo cha Baba kwa sababu ulikuwa peke yako, nikitafuta watu wa kukushika kwanza. Wewe ulituficha hatari wakati sisi watu tulikuwa nao. Mtaa mzima ungembeba Baba na godoro lake. Ulichohitaji kufanya ni kutuambia tu. Na hao waliokufunga mdomo hawakukupiga hata kofi, walikumiminia chai. Hilo ndilo linalonitisha kuliko lile lori. Lori tulilisikia likija.

Hasira haijanifanya nisiwe dada yako. Njoo nyumbani, au kaa huko, lakini usikae kimya.

Lulit yuko hapa kwangu. Chama cha maziko kimelipia saa moja redioni, ile ile ya Ijumaa. Wamesema fedha yao ni ya kuzika watu, na wakiitumia kusomewa mitaa huenda wakazika wachache. Dirisha hatuna tena, ila Meaza na wenzake wanakwenda kukaa stendi, wanachungulia simu za vijana, wanatuletea. Barua yako ya mwisho nimempa Lulit. Ataisoma yote Ijumaa ijayo, na jina lako, na mlango, na machozi ya yule mama. Wakili wao akitaka kuleta barua, nyumba yetu anaijua. Ninaogopa sana, Binalfew. Wawili kati ya wale waliokuja mashineni huwa wananisalimia sokoni, wananiuliza bei ya vitunguu. Nikimaliza kujibu naondoka sokoni. Lakini Ijumaa nitakuwa pale studio, nimekaa kwenye kiti chako.

Uliomba alama ya mkono wa Baba. Mkono sina, ninalo neno lake, na nilifikiria sana kama nikupe. Nimeona usipolipata kwangu utalipata kwa mtu mwingine.

Ijumaa ile jioni nilimpelekea chakula. Nilimwambia twende ukalale kwangu, mimi sina amani. Alikuwa amewasha redio juu ya gunia, saa ya kipindi chako, zinapigwa nyimbo. Alisikiliza mpaka mwisho kama siku zote. Kisha akazima, akanitazama, akatabasamu.

Neno la Baba: "Tungekuwa tunatajwa, Binalfew asingenyamaza. Nenda kalale, mwanangu, leo mimi nalala hapa hapa."

Yeshihareg